Mkono wa pole tuliosahau kupeana

Siku ya saba baada ya kumzika baba, wageni walipopungua na mikeka ikaanza kukunjwa, niliketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani nikajaribu kukumbuka mikono niliyoshikwa. Sikuweza. Walikuja majirani wa Ngamiani, hapa Tanga, mtaa mzima, wakaja watu wa Muheza na Pongwe, wazee wa msikitini, vijana wa bodaboda, mama muuza vitumbua na wajukuu zake. Kila aliyeingia alitushika mkono akasema yanayosemwa: poleni kwa msiba, kazi ya Mungu haina makosa, mbele yake nyuma yetu, Mola ampe kauli thabiti. Tukaitikia amina mpaka sauti zikakauka.

Pale kizingitini ndipo nilipotambua jambo ambalo halijaniacha mpaka leo, arobaini imepita. Sisi wenyewe, wajane wawili na watoto saba, hatukupeana mkono. Kila mmoja alikuwa wa kupokea. Mama alikuwa ndani na wanawake, kaka zangu nje chini ya turubai na wanaume, dada zangu jikoni wakijifanya wanapika ingawa majirani hawakutuachia hata sufuria moja ya kuinjika. Tulipishana koridoni kama watu waliopanga nyumba moja.

Kwa hiyo naandika. Najua wanazuoni wetu wa Kishafii wanasema taazia, yaani kuwapa pole wafiwa, ni siku tatu, isipokuwa kwa aliyekuwa mbali. Basi nihesabuni kuwa nilikuwa mbali, ingawa nililala nyumba moja nanyi.

Baba yetu alikuwa fundi baiskeli. Asiyeijua Tanga hatajua uzito wa neno hilo. Mji wetu ni tambarare, na tangu nipate akili zangu nimeona baiskeli ndiyo miguu ya mtu wa hapa: muuza samaki na tenga lake, mwalimu, mwenye nazi, bibi anayekwenda shughulini amepakiwa nyuma kwa ubavu, buibui amelikusanya mapajani lisiingie kwenye mnyororo. Wote hao walipita barazani kwetu. Kibanda kilikuwa mabati manne, benchi moja, na sanduku la mbao lenye spoku, mipira ya breki na gololi ndani ya kopo la maziwa.

Nikifumba macho ninamwona anaziba pancha. Anaifungua tairi kwa vipande viwili vya chuma bapa, anaitoa tyubu, anaitia upepo kidogo, kisha anaipitisha kwenye beseni la maji taratibu, pindi kwa pindi, sikio ameliinamisha kama anayenong'onezwa. Mara kinatoka kiputo kimoja, kidogo kama jicho la dagaa. Anaweka kidole, anatia alama kwa kalamu ya risasi, anafuta maji kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama, anapiga msasa mpaka mpira unatoa vumbi la kijivu, anapaka solusheni. Halafu anasubiri. Nilikuwa na miaka minane, kiraka nimekishika mimi, natetemeka kwa haraka ya kukibandika. "Ngoja, mwanangu. Ikiwa bado maji haishiki. Iache mpaka ukiigusa isikufuate kidole." Tulikaa hivyo, mimi na yeye na kiraka, mwenye baiskeli amesimama juani, na baba hakujali nani ana haraka.

Kila kitu pale kilikuwa na bei isipokuwa upepo. Pampu ilisimama nje, imefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, na mwenye haja alitia akaenda zake. Mafundi wenzake wa mitaa mingine walikuwa wakilipisha. Yeye alisema, "Upepo wa Mungu, mimi nitauuzaje?" Aliposema hivyo hakuwa anatafuta sifa. Lilikuwa jambo lililomshangaza kwa dhati.

Jambo jingine alilolisema kwa dhati lilikuwa juu ya maziko yake, na hapa lazima nirudi kwa babu. Babu hakuwa mtu wa Tanga. Alikuwa Muha wa Kigoma, aliyeletwa kwenye mashamba ya mkonge kuwa manamba, wale watu walioitwa kwa namba zao. Baba alipenda kutusimulia mkonge wenyewe ulivyofika: mwaka 1893, Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai huku kwetu ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Akifika kwenye 62 aliinua kidole. "Sitini na mbili! Mashamba yote mnayoyaona mkienda Korogwe yanatoka humo. Na babu yenu kaletwa na hiyo hiyo." Babu alifia kambini kabla sijazaliwa, akazikwa pembezoni mwa shamba. Miaka ikapita, mkonge ukang'olewa, mistari mipya ikapandwa, na baba aliporudi kumtafuta baba yake hakupata pa kusimama asome Fatiha. Alisoma katikati ya mkonge, ameelekea kibla, akarudi nyumbani. Tangu hapo wasia wake ulikuwa mmoja, na aliurudia kila Ramadhani: nikifa msinipeleke popote, msinikawize, nizikeni hapa hapa Tanga, siku ile ile, pahala watoto wangu watapajua.

Alifariki nyumbani, adhana ya alfajiri imetoka kumalizika. Presha ilimsumbua kwa miaka, na wiki tatu kabla ya hapo kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Kaka mkubwa alikuwa kwenye sikio lake akimtamkisha shahada. Mkono wake wa kulia, ule uliobaki na nguvu, ulikuwa ndani ya mkono wa mama.

Kaka, naanza na wewe, maana wewe ndiye uliyebeba zaidi na ndiye hukulia mbele ya mtu. Uliingia kumwosha pamoja na mwosha wa msikitini, na ulinieleza siku ya pili usiku, tumekaa gizani umeme umekatika. Ulisema mlimwosha kwa maji ya majani ya mkunazi, na ya mwisho yakatiwa karafuu maiti. Ulisema mwosha alichukua kijiti laini akamsafisha chini ya kucha, kidole baada ya kidole, na weusi wa grisi haukutoka. Ukaogopa. Ukauliza kama josho litakuwa halijatimia. Yule mzee akakushika bega akakwambia, "Hii ni rangi tu, haizuii maji. Mwache aende na kazi yake." Kaka, umenipa kitu ambacho wanawake hatukipati. Sisi wa mwambao hatuendi makaburini siku ya maziko, baba zetu tunawaaga mlangoni. Ulivyoniambia ulivyoshuka kaburini, ukampokea, ukamlaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, ukafungua fundo la sanda, ukaliegemeza shavu lake kwenye udongo, ni kama uliniazima macho yako. Baada ya swala ulisimama mbele ya watu ukatangaza: anayemdai marehemu baba yangu ajitokeze, deni hilo ni langu. Ulisubiri, hakutoka mtu. Ulijua hatatoka mtu, na bado ulisubiri sawasawa. Pole, kaka. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila tone la maji ulilommiminia.

Mdogo wangu wa Mwanza, wewe nimekuogopa kukuandikia.

Walipomwinua baba, wanawake tuliinuka mikekani. Jeneza lilitoka mlango wa mbele na likapokewa, bega kwa bega, na "la ilaha illallah" ikashika mtaa. Nilisimama kwenye baraza ya uani, nikaisikia ikienda, ikikata kona, ikipungua. Wakati huo simu ikaita. Ulikuwa wewe, umefika Singida. Ulipanda basi la kwanza ulilolipata asubuhi.

"Dada, bado?"

"Wameshamtoa."

Hukukata simu. Nilisikia injini ya basi, nikasikia abiria mmoja akiuliza kama hapo kuna chai. Na mimi sikukata. Tulikaa hivyo mpaka salio likaisha.

Ulishuka stendi ya Kange asubuhi ya pili, hukusalimia mtu. Ulisema mbele ya wageni, ukimtazama kaka, "Mmemzika baba kama mtu asiye na mtoto." Kaka akanyamaza. Nilijua amenyamaza kwa kuwa angejibu angelia. Wewe ulidhani amenyamaza kwa kuwa hana la kusema. Siku mbili mzima mlikula sinia moja bila kuzungumza.

Kaka alikuwa anatii. Mtume, rehema na amani zimshukie, ameagiza jeneza liharakishwe, na baba naye aliagiza hivyo kwa mdomo wake kila Ramadhani, nawe ukiwapo. Lakini sitakwambia kwamba hukuwa na haki ya kuumia. Mtume mwenyewe aliwahi kuchelewa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume, baadhi ya wapokezi wanasema ni mwanamke. Akafariki, maswahaba wakamzika bila kumpa Mtume habari, waliona ni jambo dogo. Mtume alipomkosa akauliza, akaambiwa amekufa. Akasema, "Kwa nini hamkuniambia? Nionyesheni kaburi lake." Akaenda, akamsalia hapo hapo kaburini. Hakuwaambia wamekosea kumzika. Ila hakukubali kwamba kuchelewa kumemnyima swala yake.

Imamu aliwasomea hadithi hiyo siku ya tatu, baada ya khitma. Kesho yake alfajiri nilisikia mnyororo wa baiskeli uani. Nilichungulia dirishani. Kaka amekamata usukani wa ile Phoenix ya baba, wewe umekaa nyuma kwenye keria, miguu umeitanua, kama ulivyokuwa ukipelekwa chuoni una miaka sita, juzuu kwapani. Mlikwenda makaburini, ukamsalia baba takbira nne, kaka nyuma yako. Mlirudi bila kusema neno, lakini mlirudi kwenye baiskeli moja. Pole, mdogo wangu. Swala yako imefika. Allah hana mtu aliyechelewa basi.

Dada zangu wawili, mnajua nilivyo nanyi. Poleni. Tutasema mengi tukikutana, na mengi tutayalia.

Mama yuko edani, kukaa ndani kwa mjane, miezi minne na siku kumi kama alivyoamrishwa. Amevaa nguo zake nyeupe, hajipaki manukato, asumini zinachanua uani na yeye anazipita. Mama, watu walikwambia usilie, unamzuia asipumzike. Walisema kwa mapenzi, lakini mimi nakwambia lia. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na ndiye huyo huyo aliyesema "subira njema." Alipolaumiwa alijibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko lake na huzuni yake. Na Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim, machozi yalimtoka mbele ya watu, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila lile linalomridhisha Mola wetu. Wewe hujasema hata neno moja lisilomridhisha Mola. Umelia tu. Miaka 46 ya ndoa, mama, utaacha kulia kwa sababu gani?

Na kuna jambo nataka watoto wenzangu walijue. Mama mdogo wa Pangani, mke mwenza wa mama, alikuja siku ya msiba, akakaa mkeka mmoja na mama, akarudi kwake kukaa eda yake kwenye nyumba aliyoachwa na mumewe. Kwa hiyo hivi sasa kuna wajane wawili wa mtu mmoja, mwendo wa kilomita hamsini hivi, kila mmoja ndani ya mlango wake, na hawawezi kutembeleana. Miaka yote hawakuzoeana. Salamu za Idi, basi. Sasa kila usiku baada ya swala ya isha simu inaita, mama anaiweka sikioni juu ya ushungi. Mwanzo waliulizana tu: umekula? Wamelala watoto? Usiku mmoja nilimsikia mama akimweleza jinsi baba alivyopenda mchuzi wa papa ukolee ukwaju. Kimya kikapita. Kisha mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyepokea kitu mkononi, "Embe mbichi? Kwako alikuwa anataka embe mbichi?" Wakakaa kwenye habari hiyo karibu nusu saa. Sikuwahi kumsikia mama akizungumza hivyo na mtu tangu baba aondoke. Mama mdogo, nakupa pole kwa jina lako kamili la mke wa baba yangu. Allah akupe subira na akujaalie malipo. Eda ikiisha, inshallah, nitakuja na mama Pangani mwenyewe, na papa tutanunua huko huko.

Tumekuwa tukijiita mayatima, hata kaka mwenye mvi. Lakini yatima katika dini yetu ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe, na kwetu yupo mmoja tu: mdogo wetu wa mwisho wa Pangani, mwenye miaka kumi na mmoja. Kaka yake wa tumbo moja ana miaka kumi na saba, ameanza kujitegemea akili. Huyu binti bado. Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume wake katika Sura ya Dhuha kwamba alimkuta yatima akampa makazi, kisha anamwambia: basi yatima usimwonee. Na Mtume aliinua vidole viwili, akasema yeye na mwenye kumlea yatima watakuwa hivi Peponi.

Nalisema hili sasa kwa sababu mirathi inakuja. Nyumba ya Ngamiani itahesabiwa, na ya Pangani, na kibanda, na ile Phoenix. Mafungu yake yamepangwa ndani ya Sura ya Nisaa, hatukuyapanga sisi: wajane wawili watagawana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, inayobaki ni ya watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Mdogo wetu wa kike ana fungu sawa na langu, bila kupungua hata senti. Nawaomba, ndugu zangu, jina lake litajwe la kwanza siku hiyo, kabla ya letu sisi tunaojua kusoma karatasi. Na ada yake ya shule ya muhula ujao tayari iko kwangu. Mdogo wangu, pole. Baba alikuwa akikwambia wewe ndiye msaidizi wake wa kushika kiraka. Na mimi aliniambia hivyo hivyo, na hakuwa anadanganya yeyote kati yetu.

Ee Mola, mrehemu kama alivyotulea tungali wadogo. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na babu yetu naye huko kwenye mkonge, unapopajua wewe peke yako.

Siku mdogo wangu alipoondoka kurudi Mwanza, alfajiri alikuwa barazani. Kibanda kilikuwa kimefungwa karibu mwezi mzima na pampu ilikuwa imekauka, ukiivuta inakuja tupu. Aliifungua kama alivyofundishwa, akatoa ile ngozi ya ndani, akaipaka mafuta ya nazi kwa kidole, akaikanda mpaka ikalainika, akairudisha. Akaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ile ile. Kaka akamsindikiza stendi.

Saa moja kasoro nilikuwa chumbani na mama, namkunjia shuka. Tukasikia pampu: inavuta, inasukuma, inavuta, inasukuma.

Mama akainua uso. "Nani huyo?"

"Mtoto wa shule, anatia upepo."

"Kamwambie hadaiwi."

Nikatoka kwenda kumwambia. Alikuwa ameshaondoka.